Injini ya Kanyoni

Ruiru,
Jumanne, 11 Februari 2025

Kwa Mwas,

Niaje, buda. Trizah amekataa katakata kunipa namba yako mpya. Anasema hutaki simu, hutaki mgeni, na ukiwa na neno utaandika. Basi mimi, mtu wa kushika spana, nimenunua karatasi na kalamu naandika barua kama mwanafunzi wa bweni. Huyo dada yako hupita hapa garajini kila asubuhi akienda kazini kule duka la dawa, kwa hivyo yeye ndiye posta yetu. Usicheke mwandiko.

Kwanza pole tena. Lile lori lilipokuangusha na boda pale Juja mwezi wa Desemba, nilikuja hospitalini nikaambiwa umelala. Nikaja tena, bado umelala. Uliporudishwa nyumbani nikaja Kamenu, na mama yako akanipa chai nikiwa nimesimama mlangoni, akasema mguu unapona polepole na daktari amekataza kelele. Mlangoni, Mwas! Mimi niliyekuwa nalala kwenye kochi lenu tukiwa chuo, hadi jirani akadhani mimi ni mtoto wa hapo. Lakini mgonjwa habishiwi. Nilikunywa chai yangu nikaenda.

Sasa, mambo ya Kanyoni, kandege kako. Gari yako ya Starlet iko hapa kwa kona, nimeifunika turubai paka wasilale juu yake. Injini ya zamani nimeitoa, na hiyo imekwisha, usiililie. Kivuva wa spea amepata mbili zilizotoka Japani. Ya kwanza ndiyo ile tuliyoiota tangu chuo: ukubwa wa elfu moja mia tatu, yenye turbo, na giaboksi yake ya mkono, gia tano, haijaguswa na mtu. Ya pili ni elfu moja mia tano ya kawaida, bila turbo, na giaboksi ya automatiki. Hiyo nakutajia tu ili kesho usiseme nilikuficha.

Fikiria kidogo. Kagari kale hakana uzito, watu wanne wanakainua kona moja bila jeki. Tukikawekea turbo, kwenye murram, ile barabara ya udongo ya mashindano ya magari ya Agosti, ni nani atatuona mgongo? Wewe usukani, mimi spana, kama siku zote.

Kivuva atanishikia zote mbili mpaka Ijumaa. Niandikie neno moja tu, na unalijua.

Wako,
Githae


Kamenu, Thika,
Alhamisi, 13 Februari 2025

Githae,

Barua imefika. Mwandiko wako ni wa kuku aliyekanyaga oili, lakini nimesoma yote.

Mguu unaendelea. Mama ananilisha njahi, yale maharagwe meusi, kila siku kama mwanamke aliyejifungua. Nyumba ina wageni wengi, ndiyo maana sijakuita. Usije kwanza.

Kuhusu injini, chukua ile ya pili. Ya automatiki.

Nimelifikiria sana, kwa hivyo usinibishie. Mafuta yamepanda. Turbo inataka oili nzuri na mtu wa kuibembeleza, na mimi nitarudi kuuza matairi, siyo kubembeleza injini. Msongamano wa Thika Road unaujua, utakanyaga klachi mpaka goti lilie. Halafu umri umeenda, Githae. Nataka gari ya kunipeleka kazini na kunirudisha nyumbani, basi.

Mwambie Kivuva leo, kabla hajaiuza.

Mwas


Ruiru,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mwas,

Nani amekuandikia ile barua? Mwas ninayemjua, hata ukimshikia panga shingoni, neno automatiki halitoki mdomoni. Ati umri! Tumezaliwa mwaka mmoja, na mimi bado sijazeeka. Ati nyumba ina wageni wengi, na Trizah ananiambia hutaki mgeni. Muwe mnapatana kwanza, ndiyo mdanganye.

Nikuambie kama fundi, siyo kama rafiki. Hiyo automatiki ni nzito na ni goigoi. Ukitaka kutoka kwenye kona inakaa kwanza ifikirie. Unamchukua ndege mdogo unamfungia jiwe mguuni. Gari ya kupeleka watoto shule ni nzuri, sina neno nayo, lakini wewe huna mtoto na hiyo shule siioni.

Najua kinachokusumbua. Umegongwa, umeingiwa na woga. Ni haki yako. Lakini woga hautolewi kwa kulala. Huo mguu wako wa kushoto umedekezwa njahi mpaka umekuwa mvivu, sasa unataka kustaafu mapema. Uamshe! Kazi yake ni klachi, upe kazi yake.

Nimechukua turbo. Nimeanza kuifunga. Utanishukuru Agosti.

Githae


Kamenu,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Githae,

Uza gari. Kitabu chake cha umiliki kiko kwa Trizah.

Mwas


Ruiru,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwas,

Sijauza.

Barasa, fundi wa rangi, alikuja na mteja, mteja akazunguka Kanyoni akipiga mateke tairi, nikamwambia mwenyewe amesafiri. Trizah nilimuuliza, "Nimemkosea wapi kaka yako?" Akaangalia chini, akasema, "Muulize mwenyewe," halafu akaenda bila kuniaga. Yule msichana huwa hapiti hapa bila kunitania. Hapo ndipo nilianza kuogopa.

Mwas, kama ni maneno yangu, nayarudisha. Mimi mdomo wangu haujawahi kuwa na breki, unajua. Kama ni pesa, sema. Kama umeokoka na kanisa limekukataza mbio, pia sema, nitakuja hata niimbe kwaya. Kitu sitaki ni hiki kimya. Kabla ya ajali hatukuwahi kumaliza wiki bila kuongea, hata ule wakati ulinyang'anywa mchumba na bado ukadhani ni mimi.

Injini imeingia. Niliiwasha Jumamosi. Mafundi wa kuchomelea wa upande ule waliacha kazi wakaja, wakasimama tu. Haina kelele, haitetemeki. Ukiikanyaga kidogo, turbo inavuta pumzi, halafu unasikia gari yote inataka kwenda. Nilizima upesi. Nilisikia vibaya kuisikia kabla yako.

Nakuja Jumapili baada ya kanisa. Mkinipa chai mlangoni nitainywa mlangoni, lakini sitaondoka.

Githae


Kamenu,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Githae,

Usije kabla hujasoma hii.

Mguu wangu wa kushoto haupo. Waliukata juu ya goti, kesho yake baada ya ajali. Nilipoamka, shuka lilikuwa limelala chini upande mmoja, na mama amekaa hapo ameshika mguu uliobaki kwa mikono miwili, hataki kuuachilia.

Nilimwambia Trizah akikuambia, mimi na yeye basi. Usimkasirikie. Mama pia nilimwapisha, na unajua mama hapendi uongo, ndiyo maana alikufukuza na chai.

Ule mguu waliuzika. Hospitali walitaka kuuchoma na takataka zao, mama akakataa. Aliwaambia alinizaa mzima, na hakuna kipande changu kitakachotupwa kwenye moto wa mtu. Mjomba Kagwe akaja na pikapu yake, akapewa katoni, wakaenda nao hadi shambani Gatanga. Kagwe ndiye alichimba, karibu na kaburi la baba. Wakamwita mchungaji. Trizah anasema alifungua kitabu chake, akapekua, akakosa mahali pa kusoma, akafunga. Akaombea tu afya ya aliyebaki, na mvua. Mama akaimba wimbo wote peke yake kwa sababu wengine hawakujua kama ni sawa kuimba. Mimi nilikuwa wodini nakunywa uji. Sijapaona mahali hapo. Sitaki.

Sasa unataka kujua kwa nini nilikuficha. Githae, kila mtu akiingia hapa anaanza kuangalia ile suruali iliyofungwa pini, ndiyo anaangalia uso. Hata watoto wa majirani hapa kwenye plot. Hata mama. Wewe peke yako ndiye ulikuwa bado unaniandikia kama mtu mwenye miguu miwili. Nilikuwa nasubiri barua yako, nikiisoma nakuwa dereva mpaka niikunje. Sikutaka kuipoteza hiyo.

Automatiki haitaki mguu wa kushoto. Nilipiga hesabu kwamba utaifunga, utaniletea gari, na siku ya kwanza utakayoniona nitakuwa tayari nimekaa ndani, nimeshika usukani, naendesha. Utaona Mwas kwanza. Mambo mengine ungeyaona baadaye.

Halafu ukaniandikia niuamshe mguu. Nilicheka, aki, halafu nikalia mpaka mama akaingia mbio akidhani nimeanguka.

Sasa unajua. Kama sasa unataka kuuza, uza.

Mwas


Ruiru,
Jumanne, 11 Machi 2025

Mwas ndugu yangu,

Nilikuwa chini ya lori la mtu Trizah aliponipa barua yako. Nikaisomea huko huko chini, na nikashindwa kutoka. Mwenye lori aliniita, nikajifanya nut imekwama.

Nisamehe ule mdomo. Ngai wangu, ati uamshe. Nikikumbuka natamani kukata mkono ulioandika.

Jumapili sikuja. Nilifika mpaka Thika stendi, nikanunua ndizi za mama yako, nikasimama nazo. Nikaona nitaingia kwenu na hata mimi macho yangu yatashuka chini kwanza, na utayaona yakishuka. Nikarudi nazo Ruiru. Ziliivia hapa garajini.

Sasa nimeshalia, naomba nikasirike kidogo. Hukuniita, Mwas. Mambo ya kuficha simu na kufunga mlango nakusamehe. Hiyo ya mazishi hapana. Mtu akizika, marafiki ndio hushika jembe, hata kama ni mvua. Kaburi la baba yako tulichimba mimi na wewe, ule udongo mwekundu ulitutoa malengelenge, na ulikuwa unaniambia chimba uache kulia. Leo mwili wako wewe unazikwa, na aliyechimba ni mzee Kagwe na ule mgongo wake mbovu, peke yake, na mimi niko hapa Ruiru nabadilisha oili. Hata kama ni mguu. Ulikuwa mguu wako. Nimeubeba mara ngapi ukiwa umeteguka mpirani? Nilikuwa na haki ya kuwa hapo na kuimba na mama yako hata kama sauti yangu ni mbaya.

Basi. Nimemaliza.

Jana nilijifunga mguu wangu wa kushoto na mpira wa baiskeli, nikaufungia kwenye kiti cha Kanyoni. Nilikuwa nimetengeneza klachi ya mkono: nilichukua kile kishikio cha klachi cha pikipiki, nikakiongezea chuma kiwe kirefu, nikakiweka juu ya gia, nikapitisha kebo hadi chini. Nikaizungusha uwanjani. Ilizima, ikazima, Barasa akacheka mpaka akakaa. Baadaye ikakubali. Kwenye lami iliyonyooka unaweza kwenda nayo hadi Mombasa.

Lakini nikaipeleka kwenye murram nyuma ya machimbo, kwenye kona. Pale kona inataka mikono miwili usukanini, na wakati huo huo gia inataka mkono, na klachi inataka huo mkono wa gia ushike nguvu zaidi. Nilitoka nje ya njia, nikaingia kwenye nyasi, injini ikazima. Nikakaa hapo nimefungwa, jasho linanitoka. Nikasema, sasa najua anavyohisi Mwas.

Kwa hivyo nakuuliza upya, na safari hii nitasikiza. Turbo na klachi ya mkono naweza kuinoa zaidi, ukitaka. Au natoa kila kitu naweka ile ya automatiki, Kivuva bado anayo. Usinifikirie mimi. Kazi ya kufunga injini ni kazi tu.

Githae


Kamenu,
Alhamisi, 13 Machi 2025

Githae,

Hujui ninavyohisi. Wewe jioni ulifungua ule mpira ukaenda nyumbani unatembea.

Sikuandikii hivyo kwa ubaya. Nimekuandikia kwa sababu umesema utasikiza. Watu wengi wananiambia wanajua. Mchungaji anajua, Trizah anajua, hata mtu wa kuleta maziwa anajua. Sitaki wewe ujue. Nataka tu uwe hapo.

Lakini ule mpira wa baiskeli, maze! Nilimsomea mama hiyo sehemu, akacheka na kupangusa macho kwa leso. Akauliza kama ulitoka mzima. Halafu akasema Githae ana haki, tulipaswa kumwita. Amesema niandike hivyo kama yeye alivyosema, nisipunguze.

Weka automatiki.

Hii ya mkono ungeinoa hadi Krismasi, najua, na kwa ajili yangu ungesema haina makosa. Halafu siku moja kwenye kona mkono wangu ungechelewa. Mimi nimeshapoteza cha kutosha. Ukitaka nikuambie ukweli, nilitaka turbo zaidi yako. Siku hizi nikifumba macho naisikia ikivuta ile pumzi uliyoandika, na mguu ambao haupo unakanyaga klachi. Unakanyaga kabisa, Githae, nasikia vidole. Daktari anasema itaisha. Sijui kama nataka iishe.

Kabla hujaitoa, iwashe mara moja, kwa niaba yangu. Iache iimbe kidogo. Halafu itoe, umuuzie mtu mwenye miguu miwili, na usimpunguzie bei.

Agosti tutaona. Nikimaliza wa mwisho nitakuwa nimemaliza. Daktari ameshaniandikia barua ya leseni, kwamba automatiki naruhusiwa, ila kuna mtihani wao mwingine. Trizah ananishughulikia.

Mwas


Ruiru,
Jumatano, 9 Aprili 2025

Mwas,

Iko tayari.

Turbo niliiwasha kama ulivyosema. Niliwaita wale wa kuchomelea, nikawaambia leo ndiyo mwisho, na wakavua kofia bila kuambiwa. Sikuikanyaga sana. Ilipopoa nikaitoa siku hiyo hiyo kabla roho haijabadilika. Imeenda kwa kijana wa Juja, na nikamwambia akiua mtu nayo nitamfuata.

Hii nyingine ni tulivu. Nilikuwa nimejiandaa kuichukia. Jana niliizungusha kutoka Mwiki hadi barabara kuu na mguu wa kushoto nikiuweka nyuma, siyo kwa mpira, kwa hiari. Gari ni nyepesi kiasi kwamba hata hii inaivuta vizuri, ila inataka uiulize mapema, usingoje kona ikufikie. Utaijulia. Pedali ya klachi nimeitoa kabisa, nimeziba mahali pake, hakuna kitu pale cha kukutafuta. Kiti nimekisogeza ili uingie kwa kukaa kwanza, halafu ugeuke.

Usiniambie tena nisije. Mtihani umepita, Trizah ameshanionyesha karatasi kwa simu yake, alikuwa anaruka ruka hapa barabarani. Niambie siku.

Githae


Kamenu,
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Githae,

Jumamosi, asubuhi. Njoo na Kanyoni.

Utanikuta nje kwa lango, nimesimama na magongo. Nilikuwa nimepanga nikae kwanza ndani ya gari ndiyo unione, lakini gari utakuwa nayo wewe, kwa hivyo hiyo haiwezekani. Ukifika angalia unachotaka kuangalia, uangalie hadi utosheke, halafu unipe ufunguo. Naendesha mimi. Wewe utakaa kushoto, na ukijaribu kukanyaga breki ambayo huna nitakuacha njiani.

Mama na Trizah watakaa nyuma. Tunaenda Gatanga.

Nilikuwa nimesema sitaki kupaona. Tangu uandike kuhusu jembe nimekuwa naamka nikifikiria kwamba kuna mahali pangu nimezikwa na sijawahi kufika, na rafiki yangu pia hajafika, na sisi wawili ndio tulipaswa kuwa wa kwanza. Mjomba Kagwe anasema mvua ya juzi imeleta majani mengi, hata yeye anapatafuta. Mama anataka wimbo uimbwe upya, na watu waimbe safari hii.

Beba panga, letu halina makali. Utafyeka wewe. Mimi nitasimama.

Mwas